Jozi 49 za Viatu

(Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni hapa Fort Worth, kwenye mkutano wa wazazi na vijana wetu wanaoingia chuo mwezi wa nane. Waliokosa kufika wameniomba niiandike yote. Nimeiacha kama nilivyoisema.)

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, akina baba, habari za jioni. Na ninyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango, nawaona. Sogeeni mbele, viti vipo. Ninyi ndio mnaoondoka nyumbani mwezi ujao, siyo mama zenu.

Mwenyekiti amenitambulisha kama mwanasheria. Mwenyekiti, ahsante kwa kunipandisha cheo, lakini mimi ni mkalimani. Huu mwaka wa kumi na nne nasimama kortini, jaji upande huu, Mswahili upande huu, mimi katikati. Nimesimama na mtu wa Bukavu, wa Kigoma, wa Mombasa, wa Bujumbura. Ushauri wa sheria utatafuta kwa wakili. Mimi nitakupa yale yanayoonekana kwa mtu aliyesimama katikati.

Na kazi yangu ina kiapo. Niliyoyasikia kwenye vyumba vya mawakili nitazikwa nayo. Kwa hiyo leo nimeazima kesi za watu wengine, kesi zilizoandikwa magazetini nchi nzima. Ni kesi za wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa vyuo vikuu, walioingia baa wakiwa nyota na baada ya siku chache wakawa washtakiwa. Kwa nini hao? Kwanza, vijana wetu wanawajua kwa majina kuliko wanavyowajua shangazi zao. Pili, humu ndani nina habari za vijana wawili waliopata ufadhili wa kucheza, na mabinti watatu wanaokwenda kukimbia. Tatu, nataka tuongee juu ya jezi. Jezi inafanya nini, na asiye na jezi anabaki na nini.

Haya. Tuanze na viatu.

Baton Rouge, Louisiana. Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 19 Agosti 2011. Timu ya chuo kikuu cha LSU wamemaliza mazoezi makali ya kabla ya msimu. Vijana wakaenda baa moja iliyo karibu na chuo, inaitwa Shady's. Sasa nisikilizeni vizuri: ugomvi ulianza na nini? Mwanamke? Deni? Tusi la mama? Maelezo yaliyotoka wakati ule yalisema ni honi. Honi ya gari! Watu wamesimama kwenye maegesho, mtu anataka kupita na gari lake, akapiga honi. Basi. Watu wanne wakaumia, na ripoti zilisema mmoja wao alipasuka mifupa ya uti wa mgongo.

Kati ya walioshtakiwa alikuwamo Jordan Jefferson. Wazee ambao hamfuatilii mchezo huu, kwotabeki ndiye dereva wa timu. Kila mpira unaanzia mikononi mwake. Jefferson alikuwa kwotabeki wa LSU, mwaka wake wa mwisho chuoni, msimu unaanza baada ya wiki mbili. Akakamatwa yeye na mwenzake mmoja, kwa shtaka la kujeruhi kwa daraja la pili. Kwa Louisiana ya wakati ule hilo lilikuwa kosa kubwa, la kufikia miaka mitano gerezani.

Hapa nitoke kando kidogo. Neno la Kiingereza la kosa hilo linasikika sawasawa na betri ya gari. Miaka yangu ya mwanzo alisimama mzee mmoja kortini, karani akasoma shtaka, na kabla sijafungua mdomo mzee akaanza kujitetea kwa Kiswahili: "Mimi betri ya mtu sijaiba!" Mmecheka. Na mimi nilitamani kucheka. Lakini mzee yule alikuwa na pingu mkononi, na hakujua ameshtakiwa kwa lipi.

Turudi kwa Jefferson. Polisi walikwenda kwake na hati ya upekuzi. Wakaondoka na nini? Viatu. Jozi ngapi? Mbili? Tano? Jozi 49. Arobaini na tisa! Mama mmoja hapa amesema kijana wa miaka ishirini viatu vyote hivyo vya nini. Mama, hilo ni swali lingine. Swali la polisi lilikuwa moja: inasemekana mtu alipigwa teke akiwa chini, je, kuna kiatu chenye damu yake?

Nataka mvione viatu hivyo vimepangwa mezani kwenye chumba cha polisi. Ndiyo uso wa kwanza wa jezi. Mtoto wako akigombana kesho kwenye maegesho ya baa, hakuna atakayebeba jozi zake arobaini na tisa za viatu, wala hakuna gazeti litakaloandika. Jefferson waliandika kila siku. Jezi ilimwanika juani.

Lakini jezi ina uso wa pili. Siku chache baada ya ugomvi, wachezaji waliotakiwa kuhojiwa walikwenda polisi. Walikwenda na nani? Na wakili. Siku ya Jumanne, ugomvi ulikuwa usiku wa Ijumaa. Sasa mzazi, nikuulize wewe. Mwanao akikamatwa Ijumaa usiku huko chuoni, maili mia tatu kutoka hapa, Jumanne wakili wake atakuwa nani? Jina lake? Namba yake ya simu? Naona mnatazamana.

Tarehe 28 Septemba kesi ikafika mbele ya jopo la wananchi, wale wanaokaa faraghani na kuamua kama kuna kesi ya kujibu. Jopo likasema mwenzake Jefferson hana kesi. Na Jefferson likampunguzia, kutoka kosa kubwa hadi kosa dogo la kumpiga mtu, ambalo mwisho wake ni miezi sita. Siku hiyo hiyo kocha Les Miles akamrudisha kikosini. Alikuwa amekosa mechi nne. Mechi ya kwanza kati ya hizo ilichezwa hapa jirani yetu Arlington, LSU wakaifunga Oregon 40 kwa 27 bila yeye. Tarehe 5 Novemba alikuwa uwanjani wakiifunga Alabama 9 kwa 6. Na tarehe 9 Januari 2012, fainali ya taifa kule New Orleans, Alabama hao hao waliwanyoa 21 kwa sifuri, na LSU walivuka katikati ya uwanja mara moja tu usiku kucha. Watu wa Louisiana mpaka leo wanabishana kama angeanza yule kwotabeki mwingine ingekuwaje. Waacheni wabishane. Mimi ninachokitazama ni zile siku arobaini, kuanzia tarehe 19 Agosti hadi 28 Septemba. Alivyozitumia ndivyo kesi yake ilivyokwenda. Kulikuwa na mtu wa kumsemea, kulikuwa na taasisi nzima inayomtaka arudi, na yeye mwenyewe hakuachwa peke yake chumbani na mpelelezi.

Sisi huwa tunazitumiaje siku hizo arobaini? Hapa ndipo penye uchungu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Jambo letu la kwanza, tunaongea. Tumelelewa kwamba mtu mzima akikuuliza, unajibu, na asiyejibu ana hatia. Mpelelezi anakaa mbele ya mtoto wako, mpole, ana soda, anasema, "Nataka tu kusikia upande wako." Na mtoto mwenye adabu anafanya nini? Anaeleza. Anaeleza saa mbili. Vijana, haki ya kunyamaza mnaijua, mmeiona kwenye filamu tangu mko wadogo. Kuna kipande chake ambacho filamu hazionyeshi. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba anayetaka kunyamaza, lazima aseme kwamba ananyamaza. Kukaa kimya hakutoshi. Lazima ufungue mdomo ili upate haki ya kuufunga. Useme: "Sitaki kuongea. Nataka wakili." Maneno manne. Rudieni nami. Hapana, kwa sauti. Sitaki kuongea. Nataka wakili. Tena, ninyi wa nyuma.

Jambo letu la pili, simu. Mtoto yuko jela ya kaunti, anampigia mama. Mwanzo wa simu kuna sauti inasema mazungumzo haya yanarekodiwa. Inasema kwa Kiingereza, inasema kwa Kihispania. Ndipo mama au mtoto anasema ile sentensi ninayoifahamu kuliko wimbo wa taifa: "Ongea Kiswahili, hawa hawaelewi." Halafu yanamwagika yote. Nani alirusha chupa, nani alikimbia, nani aambiwe aseme nini. Kwa Kiswahili safi, na Kilingala cha kuungia. Ile rekodi inafika kwa mwendesha mashtaka. Anasikiliza, haelewi. Anauliza hii lugha gani. Anaambiwa Kiswahili. Anatafuta mtu wa kuitafsiri. Sasa, ndugu zangu, katika mji huu, nani anapigiwa simu?

Mimi.

Ninavaa vifaa vya masikioni, nasikiliza mama akilia, naandika neno kwa neno. Nalipwa kwa saa. Sina uwezo wa kuruka hata neno moja, nimeapa. Kwa hiyo nawaomba, si kwa ajili yenu tu, na kwa ajili yangu pia: msinipe kazi hiyo. Kwenye simu ya jela sema, "Nakupenda, umekula, wakili anakuja." Kata.

Jambo letu la tatu ndilo gumu kulisema mbele ya wazee, lakini nitalisema. Tunakwenda kusuluhisha. Kwetu Tanga, vijana wakiumizana, jioni wazee wanatoka. Wanakwenda kwa aliyeumizwa, wanakaa mkekani, wanapoza. Gharama za hospitali zinalipwa, mkono unapewa mkono, na wiki ijayo vijana wale wale wako timu moja. Ni utaratibu mzuri. Mimi mwenyewe nimekua humo, na nina kovu hapa juu ya nyusi la ugomvi uliomalizwa kwa mbuzi mmoja. Lakini hapa, baba akichukua kreti la soda na bahasha ya dola mia tano akagonga mlango wa aliyeumizwa, anajua amefanya nini? Mbele ya mwendesha mashtaka, amekwenda kumvuruga shahidi. Nimemtafsiria mzazi kortini, mbele ya watu wote, akieleza kwamba alikwenda kuomba radhi, na jaji akimtazama kama mtu aliyekwenda kutisha. Nilitafsiri kila neno, na bado hawakuelewana. Kiingereza chake nilikuwa nacho. Mkeka wake sikuwa na namna ya kuutafsiri.

Na msisahau, hapa kesi si ya aliyepigwa. Kesi ni ya jimbo. Aliyepigwa akisema amesamehe, jimbo linaweza kusema lenyewe halijasamehe.

Haya, tunaye mtoto mnyamavu, simu fupi, wazee wametulia nyumbani. Kuna kitu hakinyamazi. Kamera.

Tallahassee, Florida, kiangazi cha 2015. Chuo kimoja, Florida State. Mwezi mmoja, Juni. Wachezaji wawili, baa mbili, na kila mmoja alituhumiwa kumpiga mwanamke. Mtawatofautishaje?

Wa kwanza alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, kwotabeki aliyekuwa bado hajacheza hata mechi moja. Walisukumana na mwanamke kwenye kaunta ya baa. Kamera ilikuwa juu ya kaunta. Tarehe 6 Julai mwendesha mashtaka akaitoa ile video hadharani, na kabla siku haijakwisha kijana alishafukuzwa timuni. Kwenye video inaonekana mwanamke anainua ngumi, kijana anamshika mkono, wanasukumana, mwanamke anarusha mkono, kijana anampiga usoni. Kuna watu mpaka leo wanasema mwanamke ndiye aliyeanza. Vijana, nawasikia mkinong'ona hivyo hivyo hapo nyuma. Sawa. Tuseme alianza. Video ina sekunde chache, na katika sekunde hizo nchi nzima iliona mwanamume mwenye mwili wa mchezaji anafanya kitu kimoja. Ukisema ameanza yeye, umechelewa.

Wa pili ni Dalvin Cook, mkimbiaji wa mpira, nyota kabisa. Yeye alikana, akasema hakumgusa mtu. Kesi ikaenda mpaka mwisho mbele ya jopo la wananchi, safari hii wale wanaoamua hatia. Tarehe 24 Agosti 2015 jopo lilitoka nje, na haikufika hata saa moja likarudi na jibu: hana hatia. Siku hiyo akarudi kikosini, na msimu ule alikimbia yadi 1,691, rekodi ya chuo chake wakati ule. Nataka hili mlishike, maana nikisimulia za kukamatwa tu nitakuwa nimewadhulumu wengine: aliyeshtakiwa si lazima awe amefanya. Sisi wenyewe tuna tabia mbaya kwenye hilo. Mtoto wa fulani akikamatwa, kabla ya chakula cha mchana kundi zima la WhatsApp limeshahukumu.

Kocha wao, Jimbo Fisher, akapiga marufuku wachezaji kwenda baa. Marufuku kabisa. Watu walimcheka, wakasema ni watu wazima hao. Mimi sikumcheka. Sina hakika kama marufuku hubadilisha moyo wa mtu, lakini ngumi za kwenye maegesho ya baa zinahitaji uwe kwenye maegesho ya baa. Na ninyi mnaoanza chuo mna miaka kumi na minane, umri wa kunywa ni ishirini na moja. Kwa hiyo ukiwa mle ndani saa nane za usiku, kuna uwezekano mfukoni una kitambulisho feki. Hapa Texas hicho peke yake ni kosa. Kabla ngumi haijarushwa, umeshakuwa na kesi.

Video haiozi. Hapo juu yetu tu, Norman, Oklahoma, Julai 2014, Joe Mixon wa chuo kikuu cha Oklahoma alimpiga msichana kwenye mgahawa wa mikate usiku, akamvunja mifupa ya uso. Chuo kikamsimamisha msimu mzima. Kesi ikaisha, akatumikia alichopangiwa, akarudi, akacheza, akawa nyota. Halafu Desemba 2016, miaka miwili na zaidi imepita, mahakama ikaagiza video itolewe. Watu wakaiona kwa mara ya kwanza, ikawa kama limetokea jana. Akaomba radhi mbele ya kamera, analia.

Lakini Mixon nimemleta kwa sababu nyingine. Kesi yake iliishaje? Alikubali adhabu bila kukiri kosa. Sheria ya huku ina mlango huo: unasema, sikiri, lakini nakubali mnipe adhabu. Akapewa kipindi cha uangalizi cha mwaka mmoja, saa 100 za kujitolea, na ushauri nasaha. Ukimaliza vizuri, hukumu haiandikwi. Kwa Mmarekani huo ni mlango wa neema. Na Texas tuna binamu yake, mnaujua, hukumu iliyoahirishwa: unakubali kosa, jaji hakuhukumu, unakaa chini ya uangalizi, ukimaliza kesi inafutwa. Mawakili wanaupenda. Watoto wetu wanaupenda. Wazazi mnaupenda. "Mwanangu hana rekodi!"

Akina mama, akina baba. Kwa sheria ya jimbo, hana hukumu. Kwa sheria ya uhamiaji, anayo. Ukikubali kosa, au ukikubali adhabu bila kukiri, na jaji akakuwekea adhabu au masharti yoyote, watu wa uhamiaji wanaihesabu ni hukumu. Jimbo limefuta, Washington haijafuta. Mixon ni raia, aliupita mlango ule akaenda kucheza kwa mamilioni. Kijana asiye raia, mwenye grini kadi ya ukaazi, akiupita mlango ule ule, anaweza kutokea uwanja wa ndege, tiketi ya kwenda tu.

Na kuna jambo linalonikosesha usingizi kila nikilitafsiri. Kumpiga mtu ukamuumiza, kwa Texas, kwa kawaida ni kosa dogo la daraja A: jela hadi mwaka mmoja, faini hadi dola 4,000. Jaji anaweza kusema, nakupa mwaka mmoja lakini sikupeleki, nenda nyumbani. Kijana anafurahi, anamkumbatia mama. Lakini sheria ya uhamiaji ikilihesabu kosa hilo kuwa la ukatili, kifungo cha siku 365, hata kama hukukaa ndani siku moja, kinaligeuza kosa dogo kuwa miongoni mwa makosa mazito kabisa ya kumfukuza mtu nchini. Siku 364, hakuna hilo. Siku moja! Wakili anayejua ataomba 364, na mara nyingi hakuna atakayembishia. Wakili asiyejua hataomba. Atampongeza mteja.

Ndiyo maana nataka mjue jina la Padilla. José Padilla alizaliwa Honduras, akaishi Marekani zaidi ya miaka arobaini, akatumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Dereva wa lori. Akakamatwa Kentucky na bangi. Wakili wake akamwambia usijali kuhusu uhamiaji, umekaa nchi hii miaka mingi. Akakubali kosa. Na kukubali kule ndiko kulikomfungulia njia ya kufukuzwa. Alipigana mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2010 mahakama ikasema: wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili, kabla ya bei, kabla ya chochote, ni hili: "Mwanangu si raia. Hili litamfanya nini?" Akijibu "usijali", simama utafute mwingine.

Na mliokuja na viza ya masomo, mmeona wenyewe mwaka 2025. Wanafunzi wa kigeni kwa maelfu rekodi zao zilifutwa kwenye mfumo wa serikali, wengi kwa sababu jina liliwahi kuingia kwenye kompyuta ya polisi kwa jambo dogo, wengine kesi zilikwisha kufutwa. Walipokwenda mahakamani serikali ikazirudisha. Lakini kuna waliokwisha kupanda ndege.

Jefferson alikuwa na jezi. Mtoto wako ana karatasi. Jezi ikichanika, unapewa nyingine.

Sasa nimeongea muda mrefu juu ya anayekamatwa. Naona baba mmoja pale hajaridhika, na ana haki. Anajiuliza, huyu anatufundishia watoto kuponyoka? Baba, nilishasimama upande ule mwingine pia. Siku moja nilimtafsiria mtu aliyepigwa. Taya lake lilifungwa kwa nyaya, meno hayaachani. Ilikuwa siku ya kusomwa adhabu, na sheria inampa nafasi ya kusema mbele ya mshtakiwa. Ilibidi niinamishe sikio mpaka karibu na mdomo wake, kama mtu anayepewa siri. Alichosema kilikuwa kifupi. Alisema anakunywa uji kwa mrija wiki ya tano sasa, na mtoto wake mdogo anamuogopa. Basi. Nilipokuwa nakiweka kwa Kiingereza sauti ilinikwama, na mkalimani hatakiwi kukwama. Kijana aliyempiga alikuwa anatazama viatu vyake.

Kwa hiyo adhabu ya kweli ni ipi? Kuna kocha mmoja alijaribu kuitafuta. Chuo kikuu cha Penn State, 2007, wachezaji walivamia sherehe kwenye nyumba ya kupanga, watu wakaumizwa. Sita wakashtakiwa, mashtaka mengi yakafutwa. Joe Paterno akasema korti imemaliza yake, yeye bado. Akaiambia timu nzima, si sita, timu nzima: kila baada ya mechi ya nyumbani, mtasafisha uwanja. Uwanja ule unabeba watu zaidi ya laki moja. Fikirini takataka za watu laki moja, Jumapili asubuhi, unaokota vikombe vya bia chini ya viti ambavyo jana yake vilikuwa vinaimba jina lako. Jina la Paterno lenyewe lilikuja kuchafuka mwaka 2011 kwa jambo zito kuliko ugomvi wowote, la watoto walioumizwa na msaidizi wake wa zamani. Siwezi kumtaja nikalificha hilo. Lakini kusafisha kule nakupenda, kwa sababu hata wasiokuwapo kwenye ugomvi walishika mifuko ya taka. Ni mkeka wetu ule ule. Mmoja ameumiza, ukoo mzima unatoka. Tofauti ni kwamba walioumizwa hawakugongewa mlango usiku.

Tukitaka kuutandika mkeka wetu huku, tuutandike kwa kupitia wakili. Radhi iandikwe barua, akabidhiwe yeye, naye ndiye ajue lini na wapi ipelekwe. Fedha za matibabu ziwekwe, zisubiri. Wazee, msinikasirikie. Siwaambii muache. Nawaambia msiende wenyewe na kreti la soda.

Kwenye meza ya chai, karibu na sambusa, kuna kadi ndogo. Upande mmoja kuna zile sentensi mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Upande wa pili ni mtupu. Hapo mtaandika wenyewe namba ya wakili wa jinai anayejua uhamiaji, wa mji ambao mtoto anakwenda, si wa hapa. Mtafuteni kabla ya Agosti. Wengi wao mazungumzo ya kwanza ni bure. Vijana, kadi inakaa nyuma ya simu, ndani ya kava. Namba muishike kichwani pia, maana simu mtanyang'anywa.

Nimemaliza yangu. Kipaza sauti nakirudisha kwa mwenyekiti kwa ajili ya maswali, na nadhani tuanze na mama mwenye kitenge cha njano, maana amenyoosha mkono tangu nilipotaja simu za jela. Karibu mama. Na tafadhali, usitaje jina la mtu.